Kadi za Penseli

Mzee Ofwono,

Tangu tukuzike kule Paya, paa la maktaba bado linavuja palepale, juu ya magazeti. Kiti chako nakikalia mimi. Wale wasomaji wako, wafanyakazi wa reli, waliacha kuja wiki mbili wakidhani tumefunga. Sasa wamerudi, na bado wanasoma kwa sauti kama wako kanisani.

Nina kosa la kukueleza. Unakumbuka tulivyobishana juu ya penseli? Jina la msomaji uliliandika kwa penseli kwenye kadi ya kitabu, na kitabu kikirudi ulilifuta kwa raba, mpaka kadi zikachakaa. Mimi nilidhani ni ubahili. Ulipofariki nikaleta wino, nikaanza kuandika majina kwa mwandiko wangu wa misheni. Nilijivunia sana.

Mwezi uliopita akaja afisa wa polisi. Alitaka kujua nani amesoma kile kitabu cha mambo ya ardhi ya Kenya, ambacho sasa serikali inamshuku kila aliyekisoma. Kadi yake ilikuwa sandukuni, karibu na mkono wangu, na jina moja la wino: Opendi, fundi wa cherehani wa Nagongera, mwenye watoto sita. Kitabu chenyewe alikuwa amekirudisha siku nyingi.

Hapo ndipo nilipoielewa raba yako. Nilijiona mjinga, Mzee.

Ulikuwa ukisema, "Kitabu ni ya serikali. Kusoma ni ya mtu." Nami nilikusahihisha kila mara, "Cha serikali, Mzee," nawe ukaendelea kufuta.

Nilimwambia afisa alete kwanza barua ya DC. Alipoondoka nikaitia ile kadi kwenye jiko la chai. Kisha nikakaa siku mbili nikinakili upya kila kadi niliyoitia wino, safari hii kwa penseli, na za vitabu vilivyorudi, pamoja na kile cha Kenya, nikaziacha tupu.

Akarudi na barua. Alipekua kadi moja moja, hakupata kitu. Akauliza mbona hakuna majina ya miaka yote hiyo, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Huyu mzee yenu alikuwa mvivu tu. Kazi hakujua." Akayaandika hayo kwenye ripoti yake, kwa wino.

Sikukutetea. Wewe uliyefika kazini kila siku kabla ya mfagiaji, nilikuacha uitwe mvivu, kwa sababu neno moja la kukutetea lingemfanya aulize zaidi. Imeniuma kuliko mazishi. Nisamehe.

Jana Opendi alikuja kuazima kitabu kingine. Hajui lolote, na kwangu hatalijua. Nilimwandika kwa penseli.

Pumzika, Mzee. Nitafuta mpaka kadi zitoboke. Kitabu ni ya serikali, kusoma ni ya mtu. Sitakusahihisha tena.

Mimi binti yako wa maktabani,
Nabwire