Soketi ya Njano Chini ya Kiti

Isihaka, Jumamosi hii tarehe 14 Machi 2026 usiisahau. Nimemvunja taya mwenyekiti wetu wa ushirika.

Ndiyo, Eliufoo mwenyewe. Kaniletea hapa gereji lile gari lake, ile Noah iliyomuua mke wangu kwenye ajali mwaka jana, eti nimwangalizie taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga mtu gari likigonga, inawaka haizimi.

Nikachomoa betri, nikasubiri dakika kumi. Nikapeleka mkono chini ya kiti cha mbele, kilekile alichokalia Eliakunda wangu siku ile. Soketi ya njano imechomoka. Si unajua wanavyosukumia magunia ya tangawizi chini ya viti wakishuka toka kule Mamba milimani? Gunia ndilo lililovuta waya.

Nikaisukuma, ikalia ta. Nikarudisha betri, taa ikazima. Ikazima, Isihaka. Kazi ya kidole kimoja.

Nikamuuliza, "Hii taa ilianza kuwaka lini?"

Akasema, "Ah, toka mwaka juzi hiyo. Taa haizuii gari kutembea, bwana."

Mwaka juzi. Yaani kabla ya ajali, na taa hiyo ikiwaka eabegi haifumuki. Na msibani ndiye aliyesimama akatuambia Bwana ametwaa.

Wili spana, ile ya kufungulia matairi, ilikuwa hapohapo chini ya kiti. Nilimpiga, akaegemea mlango, nikampiga tena. Meno yake mawili yako hapa uani. Hawa wakubwa, mzigo wao ukifika basi, mtu asipofika shauri yake.

Polisi wako njiani. Sikimbii.

Kila nilipompiga nilimuuliza, na watu walipokuwa wanambeba nikamuuliza tena: alipomwambia Eliakunda akae mbele, alimwambia kwamba taa inawaka?