Hawa amekataa kutaja jina lake

Hawa hajakubaliwa kuingia darasa la kwanza. Aliyesema hivyo ni Mwalimu Rehema wa darasa la awali hapa Dimani, leo Ijumaa saa tisa alasiri, akiwa amesimama barazani kwa mama yangu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mvua ya vuli imeanza watu wakitoka msikitini na hadi sasa haijakoma.

Hawa ni mtoto wa kaka yangu Juma. Ana miaka sita, na analelewa na mama yangu, bibi yake. Mimi ni shangazi yake. Nipo nyumbani kwa likizo ya wiki moja kutoka gazetini.

Nilidhani tatizo ni hesabu. Siyo. Asubuhi watoto wa awali walipelekwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza, mgeni aliyehamia mwezi uliopita kutoka bara, ili awaone mmoja mmoja. Aliwauliza majina yao. Wenzake wote walijibu. Hawa alimtazama usoni, kimya. Akaulizwa mara tatu. Mwalimu akaandika: hajawa tayari. Ataulizwa tena Jumatatu. Asipojibu atarudia awali, na Mwajuma, aliyekaa naye mkeka mmoja mwaka mzima, atavuka peke yake.

Kwa haki, maandalizi yalifanyika. Katika kikao cha katikati ya mwaka walimu na wazazi waligawana kazi: shuleni penseli, foleni na kusubiri zamu, nyumbani vifungo, choo na kusema shida bila kulia. Mama alimfundisha vifungo kwa shati kuukuu la Juma, akiwa amelivalisha mto. Juma alimtembeza njia ya shule kila asubuhi mpaka mtoto akawa ndiye anayemwongoza baba. Mimi nilituma madaftari. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote, na ndiyo niliyojisifia.

Leo nilikasirika, nakiri. Nilimvuta Hawa pembeni nikamwambia, kwa sauti ninayoitumia ofisini, kwamba kutaja jina si kazi. Alishika tu ncha ya kanga yangu.

Mama hakuacha kusuka ukili wake wa mkeka.

"Kafanya vizuri," akasema.

"Vizuri vipi, bibi?" Mwalimu Rehema akauliza. "Mwenzangu kaandika hajawa tayari."

"Huyo mwenzio, yeye kajitaja?"

Mwalimu akafikiri. "Hapana. Hakujitaja."

"Haya. Sasa mtoto afanyeje?"

Hapo nikakumbuka, maana na mimi nililelewa hivyo. Nyumbani kwetu mtoto hamtajii mgeni jina mpaka mgeni ataje lake, la baba yake na kwao. Mama alifundishwa na bibi yake, ambaye wakati wa vita vya Maji Maji alikuwa na umri kama wa Hawa. Walikimbilia delta ya mto wakajificha kwenye mikoko. Njiani askari wa Mjerumani waliwauliza watoto: wewe nani, baba yako nani? Mtoto wa jirani alijibu kwa adabu. Baba yake alichukuliwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo ukoo wetu ukaweka sharti: mwenye nia njema huanza yeye.

Chanzo changu ni kimoja, mama, naye alisimuliwa. Gazetini nisingeiandika. Hapa naiandika.

Ninaishi kwa kuwauliza watu majina yao, miaka ishirini na zaidi sasa. Kila mara naanza na langu na la baba yangu, hata kwa simu. Vijana wa chumba cha habari hunicheka: "Shangazi kaanza ukoo!" Nilidhani ni ujuzi wa kazi.

Kumbe ni mama.

Mwalimu Rehema hakubisha. Aliweka viatu chini, akaketi mkekani, akamgeukia mtoto.

"Mimi Rehema binti Salum bin Mbwana. Kwetu Mahege."

Hawa alijibu kwa sauti iliyoishinda mvua: "Mimi Mwanahawa binti Juma bin Athumani bin Mbonde. Kwetu hapa hapa Dimani. Na mbuzi wetu kazaa."

"Mwaka mzima naita mahudhurio, ananiitikia 'nipo'," mwalimu akaniambia. "Jina nililikuta daftarini. Sikuwahi kumuuliza."

Akampigia mwenzake simu pale pale. Alieleza yote, mpaka na askari. Tulisikia mtu akicheka upande wa pili, kisha akasema sawa, atajitaja.

Mama naye alilegeza upande wake. Alimwambia Hawa kwamba mwalimu akishajitaja siku ya kwanza, imetosha. Asimdai kila asubuhi.

Hawa alilitafakari hilo. "Bibi, na kama halijui jina la babu yake?"

"Basi naye hajawa tayari. Atarudia awali."

Mwalimu Rehema alicheka hadi akashindwa kuvaa viatu.

Sijui Jumatatu itakuwaje. Kumjibu mwalimu wako barazani kwa bibi yako si sawa na kumjibu mwanamume usiyemjua, darasani, wenzako wakikutazama. Nimewaona watu wazima wakishindwa. Nilimwomba Hawa radhi kwa ile sauti ya ofisini. Akaniuliza kama kazini kwangu nako kuna foleni. Nikamwambia ipo. Akasema basi nisisukume watu.

Sasa hivi yuko bandani, namsikia akimtajia yule mtoto wa mbuzi ukoo wake wote, na kumsubiri ajibu.

Ataulizwa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mlangoni pa darasa la kwanza. Basi langu la kurudi Dar lilikuwa la alfajiri siku hiyo. Nimebadilisha tiketi, nitaondoka na la saa nne.