Kanisa Lililogeuza Shingo

Baba Neema,

Umelala hapo makaburini Lidcombe mwaka mzima bila jiwe, na kosa ni lako mwenyewe. Wenzako wote wa mstari huo wana mawe. Yule mama wa Kikorea wa kushoto kwako ana jiwe jeusi linalong'aa hadi mtu unaweza kujitazama ukafunga kilemba. Wewe una kijiti chenye namba, kama mche wa kitalu. Mtu aliyejenga kanisa zima kwa mawe amelala chini ya kijiti! Naona aibu kupita hapo na maua yangu.

Yote kwa sababu ya amri uliyoitoa hospitali, umeshika mkono wa Neema: "Kwenye jiwe langu msiandike fundi." Ukafumba macho, ukatuachia ugomvi. Huyu binti ni wako kweli, mkaidi kama wewe. Nikimwambia baba yako alikuwa fundi mwashi, iandikwe, ananijibu, "Mama, Baba alisema." Anataka jina lako, na "baba mpendwa", na ua. Baba mpendwa yuko kwenye kila kaburi pale, hata wale ambao hakuna anayekuja kuwapalilia. Mimi nikakataa. Yule mzee wa Kilebanoni anayechonga mawe amechoka kutungoja. Kila nikipita na kadi yangu ya treni mkononi ananiinulia mabega: bado? Bado.

Mwishowe Neema akachoka, akaniambia, "Basi Mama, mwombe Baba mwenyewe." Ndiyo maana nakuandikia. Ila mimi sikuombi. Nakuarifu. Barua hii atakusomea yeye Jumamosi, mbele ya wenzetu wa ibada ya Kiswahili watakaokuja kukukumbuka, na mwandiko wangu wa darasa la tatu auvumilie.

Sasa sikiliza. Nimefika kwenye kanisa la kwenye picha.

Ndiyo, lilelile. Kanisa la kwao yule padri Mzungu wa kule kwetu Masasi, aliyekupa picha yake na kukwambia jenga kama hivi. Picha uliyotembea nayo kwapani mpaka ikanuka chokaa. Picha uliyoileta Australia kwenye sanduku huku mimi nikiambiwa niache sufuria zangu nzuri. Ukaitundika gereji kwa Neema, hapa Minto, juu ya mashine ya kukatia majani, ukawa unaitazama kama mtu anavyomtazama aliyempiga mbele za watu.

Mjukuu wako Tumaini sasa anafanya kazi Uingereza, nami nilikwenda kumtembelea, picha yako mkobani. Jina la kijiji liko chini ya picha. Akalitafuta kwenye simu, tukaingia garini, yeye anazungumza Kiingereza, mimi Kiswahili, tunaelewana vizuri tu. Kondoo, ukungu, kondoo tena. Halafu mnara ukachomoza.

Lakini kwanza nikukumbushe siku ya ufunguzi, maana watu wanaosikiliza hapa hawaijui. Ulipochimba msingi upande wa altare ulikuta mwamba. Mkaupiga nyundo, mkauwashia moto na kuumwagia maji, haukukubali. Ukauzunguka. Kwa hiyo altare ikakaa kushoto kidogo, si sana, ila mtu akisimama mlango mkubwa anaona. Na siku hiyo aliyesimama mlango mkubwa alikuwa nani? Mtani wako, Chitanda. Askofu bado hajakaa, Chitanda akapaza sauti: "Fundi! Kanisa lako limegeuza shingo, linamtafuta nani?"

Watu walicheka hadi kwaya ikashindwa kuanza.

Mtani alifanya kazi yake, Baba Neema. Ndiyo utani huo. Na wewe kazi yako ilikuwa kumjibu palepale: "Linamtafuta mama yako, amechelewa ibada." Watu wangecheka mara ya pili, ingekwisha. Hukujibu. Mtu asiyemjibu mtani wake nani alimwona? Ukameza. Tangu siku hiyo ukaingia kanisani kwa mlango wa ubavuni, ukakaa nyuma ya nguzo usione mbele. Kila nyumba uliyojenga ulichonga alama yako chini karibu na mlango, ule mguu wa kuku, ila kanisa hukulichonga. Tukaja huku, watu wa ibada wakikuuliza ulifanya kazi gani nyumbani, ukawajibu, "Vibandavibanda tu." Vibanda! Nilitaka kukufinya.

Basi kule Uingereza mimi niliingia kwa mlango mkubwa. Kwa makusudi. Nikasimama katikati kabisa, miguu pamoja.

Baba Neema, limepinda.

Limepinda kuliko lako! Nguzo zinakwenda vizuri, moja baada ya nyingine, halafu ukifika kwenye lile tao kubwa la mbele, upande wa altare unakwenda zake kushoto kama mtu aliyeitwa na jirani. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti humo kanisani, mtu mzima na kilemba changu, sauti ikapanda hadi kwenye mbao za paa ikanirudia. Tumaini akaniambia ninyamaze. Halafu nikalia. Kidogo, si sana.

Aliyepiga ile picha alisimama pembeni, karibu na nguzo, akachagua mahali ambapo shingo haionekani. Tumaini alipatafuta mahali penyewe, anarudi nyuma, anasogea, mpaka akapapata. Hatua moja tu ukitoka hapo, unakuona kupinda. Wewe maisha yako yote ulikuwa unajilinganisha na hatua moja ya mpiga picha.

Na si shingo peke yake. Nguzo za kushoto ni za mviringo, nene, za kukumbatia. Za kulia ni nyembamba na zina pembe nane, kwa sababu zilijengwa na watu wengine, zama tofauti. Kwenye picha zinaonekana za kushoto tu. Unakumbuka ulivyobomoa nguzo ya tatu kwa kuwa ilizidi wenzake unene? Nilikuletea uji ukakataa kunywa. Kumbe kwa wenyewe upande mzima umezidi upande mwingine! Madirisha hayo, hakuna ndugu wawili. Mnara waliuongeza wajukuu wa wajukuu wa waliojenga ukuta, na kwenye kona zake wamechonga mashetani yenye midomo wazi, maji ya mvua yanatokea humo. Watakatifu wa mlangoni hawana vichwa, vilikatwa Waingereza walipogombania dini. Na kanisa limesimama, Baba Neema, na watu wanasali.

Palikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza, rika langu, anapanga maua. Nikamuuliza kwa kinywa cha Tumaini, hii shingo vipi? Akasema wako wanaodai ni kichwa cha Bwana Yesu kilivyoinama msalabani. Wengine husema waashi walijenga upande mpya huku ule wa zamani bado umesimama, kamba ya kupimia haikupita sawa. Hakuna ajuaye. Nikasema, mwambie hapo chini kuna mwamba. Tumaini hakutaka. Nikamkazia macho, akasema. Yule bibi akacheka, akasema huenda, akatumiminia chai ya chupa. Nikamuuliza, na watu hawalicheki? Akashangaa. Akasema watu hutoka mbali kuja kulitazama, wanalipenda hivyo lilivyo. Nilimtaka Tumaini arudie kutafsiri, nikadhani ananipendezesha.

Ubavuni kuna kaburi, humohumo kanisani. Bwana mmoja wa kale na mkewe, wamechongwa kwa jiwe, wamelala chali bega kwa bega, kama wanangoja maji ya chai yachemke. Bwana amevaa chuma mwili mzima. Pua zao zimevunjika, na mjinga mmoja amekwaruza jina lake kwenye kifua cha bwana. Mama amewekewa mto, na kijibwa miguuni. Chini yao watoto wao wadogo wadogo wa mawe wamesimama mstari kama paredi ya shule. Nilikaa hapo sana. Nilipenda kwamba hakuna aliyemwacha mwenzake nje. Kijibwa sikitaki.

Halafu Tumaini akaniita kwenye nguzo. Waashi wa kale walichonga alama zao, kila mtu yake: nyota, mshale, kitu kama uma. Nilitafuta mguu wa kuku nguzo zote, nikipapasa kwa mikono kama ulivyokuwa ukipapasa yale mawe ya manjano ya majengo ya mjini hapa Sydney, mlinzi akitutazama. Haukuwapo. Hakuna aliyekuwa na alama yako. Ila hakuna hata mmoja wao aliyekataa kuchonga ya kwake kwa sababu kanisa limepinda.

Nikamtumia mtani wako picha. Chitanda yu hai, hana meno, sauti ileile. Akanirudishia sauti kwenye simu, anacheka hadi anakohoa: "Kumbe ugonjwa wa shingo ni wa ukoo!" Halafu akasema, "Shemeji, mimi nilimsubiri yule mtu anijibu. Nilimsubiri mpaka mkaondoka nchini." Umesikia? Alikuwa anasubiri zamu yako.

Nimekujibia. Nimemwambia linamtafuta mama yake, amechelewa ibada. Alicheka, Baba Neema. Alicheka vizuri.

Neema nilimwonyesha picha zote mbili, ya zamani na ya Tumaini, pale gereji. Akasema, "Lakini Baba alisema," na safari hii sauti ilikuwa ndogo. Mwanangu, baba yako alisema kwa sababu hakuwahi kusimama mlango mkubwa. Mimi nimesimama kwa niaba yake. Amri yake ilitokana na picha, na picha ilidanganya. Nimeifuta. Mimi ni mkewe, ninaweza.

Jiwe litakuwa lile la manjano la hapa, linalokubali tindo, si jeusi la kujitazamia. Jina lako kushoto. Kulia pabaki patupu, pangu hapo, kwa hiyo usijitandaze kama ulivyozoea kitandani. Nami nakuahidi hivi: nikijaliwa kwenda kwetu, nitaingia kanisani kwako kwa mlango mkubwa, nipite katikati, na nikifika kwenye shingo nitageuka nalo hadi altareni, kila mtu aone. Mwamba wako ninaujua ulipo. Pumzika, fundi wangu. Uji wako sasa nakunywa mimi.

Neema, hapo ndipo mwisho. Kunja barua, futa uso, ng'oa macho kwenye hicho kijiti. Yule mzee wa Kilebanoni hufunga mapema Jumamosi. Nenda sasa hivi, kamwambie achonge FUNDI MWASHI, herufi kubwa, na chini yake mguu wa kuku.