Jina la Mtoto wa Mosese

Fanualahi, 3 Machi 1931

Wifi Lupe,

Salamu nyingi. Hujambo huko utawani Suva? Sisi tu wazima, isipokuwa mtoto. Nimejifungua mvulana; ana siku ishirini, anakohoa, na hana jina. Shangazi mkubwa ndiye mtoa jina, na shangazi ni wewe. Bila jina mchungaji hambatizi. Mdogo wako Mosese anasema atalipokea kutoka kinywani mwako, hapa nyumbani, si kwa barua. "Tuone kama huyo mtawa atamwacha mwanangu aitwe Wewe." Wasuka mikeka nao wanakucheka: binti mfalme anasugua sakafu! Niandikie jina tu. Mosese niachie mimi.

Wifi yako,
Vaimoana

Suva, 30 Machi

Wifi Vaimoana,

Hongera kwa kujifungua salama. Mimi sijambo, magoti tu yanauma. Mama Mkuu husoma barua zote, na yako ameisoma. Anayetoa jina anatumia cheo, na cheo nilikiacha mlangoni. Nikikitumia, mwaka wangu wa unovisi, wa kujaribiwa utawa, unaanza upya, na nadhiri ni Agosti. Mwombeni mdogo wangu Ane.

Wifi yako,
Lupe

Fanualahi, 21 Aprili

Lupe,

Leo sina salamu. Ane alipoombwa alitoka nje, akaenda zake. Nani atathubutu kumpokonya dada mkubwa haki yake? Mtoto hanyonyi tangu juzi. Akifa hivi, bila jina, atazikwa nje ya ua wa wafalme. Miaka sita nilikaa chini, wewe juu. Nikala baada yako, sikunung'unika. Sasa umepata kiti cha juu zaidi, unakiita unyenyekevu.

Vaimoana

Suva, 12 Mei

Wifi,

Anaitwa Folau. Nilimwambia Mama Mkuu kabla sijaandika. Alisema "Haya," akairudisha shela yangu ya nadhiri kabatini. Mtoto yu hai?

Wifi yako,
Lupe

Fanualahi, 9 Juni

Wifi Lupe,

Natumaini u mzima. Folau yu hai. Amebatizwa Jumapili, na ananyonya mpaka nalia. Mdogo wako alisema, "Jina la barua si jina." Nikaisoma barua mbele ya wazee wote, nikamuuliza, "Unabishana na dada yako mkubwa?" Akainamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya kila ulipoingia.

Tulipobaki wawili, akanikataza kukuandikia tena. Wewe hawezi kukuamuru. Mimi ni mkewe, hivyo barua hii ndiyo ya mwisho.

Wifi yako,
Vaimoana