Langi Iliyoishinda Rangi

S.L.P. 46,
Bariadi, Simiyu.
13 Novemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Kabula,

Mwangaluka, mayu! Mtwara kuna joto gani? Kifua kimepona? Huku sote wazima, ila mgongo wangu umechukua umbo la kiti cha ofisi.

Kwa huzuni kubwa, chama chetu cha ushirika kinakutangazia kwamba kitufe cha “Jiandikishe”, katika ule ukurasa wa mtandaoni uliotutengenezea, kiligoma wiki hii kuwa kijani. Kilikuwa cheupe juu ya cheupe. Wakulima wa Zagayu walifungua simu, hawakuona pa kubonyeza, na uandikishaji wa mbegu za pamba unafungwa kesho.

Ulinifundisha kwamba amri mbili za rangi zikigongana, iliyoandikwa chini ndiyo hushinda. Basi nikaandika kijani chini kabisa ya faili, mara kumi na moja. Wapi! Nikatafuta neno “rangi” faili zima. Nyeupe ya kitufe haikuwamo. Mwenyekiti Mboje akavuta kiti mlangoni: “Katibu, leo hutoki humu mpaka nione kijani.” Hata chooni nilisindikizwa.

Jana Mboje alipokwenda kunywa chai, akaingia Harieth, bibi shamba wetu kutoka Bukoba. Akakibofya kile kitufe kwa upande wa kulia wa kipanya, akachagua “Kagua”. Kijani changu chote kilikuwa kimekatwa mstari. Juu yake imekaa amri moja nyeupe: “langi-kuu”. Kumbe amri inayokiita kitufe kimoja kwa jina lake huishinda inayoita ukoo mzima wa vitufe, hata ukoo uitwe mara kumi na moja.

Harieth akacheka mpaka akashika meza. “Langi! Katibu, hapa umeweka sahihi yako kabisa!”

Msalimie mumeo Ansbert, na Nyanjige mdogo umbusu shavuni. Shangazi yako Salu anakuombea. Mungu akutunze huko uliko.

Sasa ukweli, mayu. Wewe huandika “rangi”. “Langi” ni mimi, Agosti, nilipojaribu ufundi kisha nikasahau. Jumatatu kikao kilipouliza nani kaharibu, nilikutaja wewe. Jana nilifuta ule mstari, kitufe kikawa kijani, na Mboje aliporudi nikamwambia nimeondoa kosa la Kabula. Harieth aliacha kucheka.

Kesho wanaamua kama watakupa kazi ya ukurasa mpya. Kwa hiyo mchana huu nimeuandika ule mstari kwenye karatasi, nikaeleza ni wa nani, nikampa Mboje. Ameusoma mara mbili, ametoka. Mlango ameuacha wazi. Mimi bado nimekaa.

Ni mjomba wako akupendaye, hata kama wiki hii hakuonyesha,
Mwandu