Kichwa Kiko Juu

4 Mei

Dada yangu mpenzi,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na kile kikohozi kimeniacha. Wewe je, hujambo? Shemeji hajambo? Na mgongo wako unasemaje siku hizi?

Mimi huku sikaliki kwa furaha. Dada, nimekabidhiwa kichwa! Ule utingo wa kupakia kokoto na kulala chini ya turubai umekwisha. Juzi bosi aliniita mbele ya watu wote, akanirushia ufunguo, akasema, "Kuanzia kesho kile chekundu ni chako." Nilidhani ananitania. Nikapanda, nikashika usukani, kisha nikashuka tena kwenda kukitazama kwa mbele. Kina taa kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tela langu bado. Kwa sasa navuta ya wenzangu humu humu yadini mpaka mkono uzoee.

Simu usijisumbue kupiga. Mtandao huku unapatikana juu ya kifusi tu, na kifusi chenyewe kinahamishwa kila kukicha. Tuandikiane kama zamani. Anayekuletea hii ni dereva mwenzangu, tunamwita Breki kwa sababu hazitumii.

Mdogo wako

13 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mgongo unalalamika lakini haujagoma. Pole na vumbi, na hongera sana!

Barua yako imezua kizaazaa. Shemeji yako alikuwa na mteja kitini, akaisoma kwa sauti. Alipofika "nimekabidhiwa kichwa", mkasi ukabaki hewani: "Kichwa cha nani?" Unajua kinyozi, kwake kichwa ni kazi, ukimuuliza siku ilikwendaje anakujibu vichwa vilikuwa vingi au vichache. Mteja wake ni mwalimu, naye akaingilia kati: "Basi kijana ni kichwa, ameongoza mtihani." Mimi nikabisha, nikasema wamekupa ukubwa wa kampuni. Tulipofika kwenye usukani ndipo tukaelewa kuwa ni kichwa cha lori, nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio na ufagio akidhani tumeingiliwa na nyoka.

Sasa kwa kuwa umepata chako, nitafutie na changu. Cherehani imeanguka tulipokuwa tunahamisha meza. Meza nzima, miguu mizima, ila kichwa kimepasuka. Nina sare za shule nzima za kushona, na safari hii nataka nimalize mapema. Sababu nitakwambia, si leo.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Habari za huko? Mimi mzima, nimeungua jua tu.

Kichwa nimekipata! Kwa muuza vyuma nyuma ya gereji, kimetumika lakini kina afya. Nilizungusha gurudumu, sindano ikapanda na kushuka bila kukwaruza. Nimekivisha blanketi langu na kukipeleka stendi. Karani wa mizigo akaandika "kichwa kimoja", kisha akanyanyua macho polepole akanitazama. Ikabidi nikifungue blanketi mbele ya abiria wote.

Kikifika nijulishe.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Kichwa kimefika salama na kimeshaanza kazi. Mungu akuzidishie. Kinashona kama kinateleza.

Sasa kaa chini. Kama uko kwenye usukani, simamisha kwanza.

Nina mimba. Ya miezi saba na kitu. Najua utanuna kwamba nimekuficha, lakini wewe ulikuwepo mara ya kwanza, na mara ya pili ndiwe uliyelikunja shuka lile la mtoto ukalirudisha kabatini bila kuniambia neno. Safari hii niliogopa hata kuitamka. Niliona nikinyamaza, labda itakaa. Na imekaa! Anarusha mateke mpaka kitambaa kinaruka mezani. Shemeji yako amekuwa kituko: kila jioni anaweka sikio tumboni, anasema anasikia mtu akinoa wembe.

Kwa hiyo sare zile nazikimbiza. Barua hii nampa Breki mkononi, nimemwapisha asiipoteze. Jibu haraka, nataka kukusikia ukipiga kelele.

Dada yako

27 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia mbio mbio, dereva ananisubiri nje injini ikinguruma.

Kichwa kimekaa vibaya. Kiko juu, na kwa wakati huu kilitakiwa kiwe kimeshuka chini. Leo wamejaribu kukigeuza kwa mikono, kimekataa. Niombee.

Dada yako

2 Julai

Dada,

Salamu, na pole sana. Kumbe kilifika! Nilikuwa nimeanza kumlaani yule karani bure.

Usihangaike, jambo hili ni dogo. Kwanza, nani hao wanaokigeuza? Usiruhusu kila mpita njia akishike. Kama kiko juu na hakishuki mahali pake, ni uchafu tu. Futa vizuri kwa kitambaa, tia mafuta ya kutosha, kiache kidogo, halafu kishike kwa mikono miwili ukitikise taratibu. Kikiwa bado kinagoma, kigonge kwa kiganja. Kwa kiganja, dada, si kwa nyundo, namjua shemeji. Skrubu nazo zilegeze.

Ikishindikana kabisa usilie. Kitoe, kifunge kwenye blanketi lile lile, nirudishie kwa basi. Muuzaji ananifahamu, atanibadilishia kingine. Alikuwa na cheusi kizuri zaidi.

Na ile sababu uliyosema utaniambia, mbona kimya?

Mdogo wako

8 Julai

Wewe!

Sijui nikusalimie au nikupige. Nimelazwa, ila usishtuke, soma mpaka mwisho.

Barua yako shemeji aliniletea wodini. Nilipofika kwenye mafuta nikaanza kutetemeka kwa kicheko. Kwenye nyundo, mkunga akaja mbio akidhani uchungu umeanza. Nikampa asome mwenyewe. Akaisoma kwa sauti, na alipofika "atanibadilishia kingine" alilazimika kuegemea ukuta. Mama wa kitanda cha pili alishika tumbo akisema, "Dada, mwambie anyamaze, nitazaa kabla ya zamu yangu!" Sasa kila anayeingia anauliza kama cheusi bado kipo.

Kumbe Breki hajakufikia. Basi sikia: kichwa ninachosema ni cha mpwa wako. Nina mimba, mdogo wangu. Mtoto amekaa kitako, kichwa kiko juu, na siku zimekaribia. Daktari amesema asipogeuka watanipasua, na wamenilaza ili uchungu ukianza niwe hapa hapa. Mapigo yake yako sawa. Mkunga alinisikilizisha; yanakwenda kama cherehani ikishona pindo refu.

Nacheka tangu jana, na nikimaliza kucheka naogopa. Nakwambia wewe tu. Shemeji yako namwonyesha meno.

Dada yako

13 Julai

Dada yangu, dada yangu, dada yangu,

Umeamkaje? Mmeamkaje, wewe na huyo mwenzako?

Breki amefika jana, amevutwa kwa mnyororo. Injini yake ilipasuka kichwa, ndiyo, nayo ina kichwa! Alikwama kwenye gereji ya porini akisubiri kingine, na barua yako ya mwezi wa sita ikiwa mfukoni mwa shati lake. Nilizipokea mbili kwa mpigo, nikaanza na ya wodini. Nilikaa pale pale juu ya kokoto.

Nimekwambia umtie mafuta! Nimekwambia umgonge kwa kiganja! Nimekwambia unirudishie mtoto kwa basi!

Nimepiga kelele ulizozitaka. Bosi alitoka ofisini akidhani mtu amekanyagwa. Nilipomweleza akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada yako ana hali gani lakini?"

Shuka lile nalikumbuka. Sikusema neno kwa sababu ningelia, nawe ulikuwa umeshalia vya kutosha. Dada, ogopa tu. Ogopa na mimi. Huyo shemeji mwonyeshe meno, mimi nionyeshe yote.

Mdogo wako

22 Julai

Dada,

Hamjambo? Sina habari yoyote. Kila lori likiingia mimi nipo getini kabla halijasimama. Madereva wameanza kunitikisia kichwa kwa mbali ili nisikimbie bure.

Jana nilipanda juu ya kifusi na simu, nikapata mtandao kidogo, ikaita, ikakatika. Andika hata mstari mmoja. Andika hata "nipo".

Mdogo wako

25 Julai

Mdogo wangu,

Nipo. Nipo, tena tupo!

Usinilaumu, mkono ndiyo kwanza unashika kalamu. Mwanamke! Ana mapafu ya kondakta wa basi. Hakugeuka ng'o. Uchungu ulinishika kabla ya tarehe ya daktari, wakanikimbiza chumba cha upasuaji huku mkunga akinishika mkono na kunisemesha mpaka mlangoni. Miguu ndiyo iliyotangulia, kichwa kikaja mwisho. Kidonda kinauma nikicheka, kwa hiyo barua zako nimezipiga marufuku kwa muda.

Tena kichwa chenyewe, utakiona! Kipana nyuma, cha baba yetu mtupu.

Lakini ngoja nikwambie ya shemeji yako. Walipomletea mtoto, alirudi nyuma mpaka akagonga dirisha. Yule mtu, anayeshika vichwa vya watu asubuhi mpaka jioni, akivigeuza huku na huku kama malimau, alishindwa kukishika hiki kimoja. Mkunga akamwonyesha: kiganja hapa, shingo hapa. Akakishika. Machozi yalikuwa yakimdondoka hadi kwenye koti la kazi, ambalo alikuja nalo na nywele za mteja zikiwa bado begani. Yule mteja alimwacha kitini, amenyolewa upande mmoja.

Tunarudi nyumbani kesho. Jina bado, tunamwita Mgeni. Shuka limeanikwa juani.

Dada yako

29 Julai

Dada,

Habari zenu ninyi watatu, na habari za kidonda? Usicheke, nitaandika kwa kifupi.

Barua yako nimeisoma getini, nikaisoma jikoni kwa wapishi, nikaisoma juu ya kifusi kwa sauti ingawa hakukuwa na mtu. Breki aliomba aishike mwenyewe ahakikishe imefika. Bosi amenipa ruhusa kabla sijafungua mdomo. Nimenawa mikono mara nyingi, mafuta ya gari hayatoki kwenye kucha, sijui kama mtaniruhusu kumbeba.

Basi linaondoka alfajiri. Usijibu barua hii, jibu halitanikuta.

Mjomba