Safari Hii Sikusalimu, Mwanaidi

Mwanaidi,

Sikusalimu. Usinune huko uliko. Niko mazoezini, na sababu yake utaijua punde. Ukitaka kucheka anza tu, kwa maana najua hutangoja.

Mama yako yuko kwangu. Baada ya kukuzika Houston sikuweza kumwacha kule kwako Stafford peke yake na yale mapazia yako mazito. Nilimleta huku Dallas, nikampa chumba cha binti yangu aliyekwenda chuo. Nilimnunulia sufuria mpya, zake peke yake, nikazitenga kabatini. Bado kila nikipika anafunua kifuniko na kuuliza, "Nyambura, hii haijamjua nguruwe?" Namwambia, Mama, hata mimi mwenyewe nguruwe nilimwacha siku ulipoingia humu. Anasema, "Haya," lakini ananusa.

Siku zake za kusafishwa damu anachukuliwa na gari jeupe la mji, lile la wazee na wagonjwa. Mimi wakati huo niko wodini nawageuza wagonjwa wa watu wengine. Dereva anateremka, anampa mkono, anamwita "mama" kwa Kiswahili alichofundishwa na Mama mwenyewe, kibovu lakini cha heshima. Bila gari lile sijui tungefanyaje. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Simu yako bado inalia. Nimeshindwa kuifunga laini. Wanaokutafuta sana si ndugu, ni wanasiasa wa upande wetu. "Mwanaidi, tunakusihi uchangie." "Mwanaidi, mbona umetuacha?" Ndiyo, amewaacha, naijibu simu, na ana sababu nzuri kuliko zote mlizowahi kutupa nyinyi. Upande ule mwingine wanataka kutunyang'anya hospitali, upande wetu wanatuandikia meseji. Hivyo ndivyo ulivyotuacha.

Na televisheni, dada yangu. Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukitazama habari, wewe kwako na mimi kwangu, stesheni moja, simu zimewekwa spika mezani? Ulikuwa ukimfokea mtangazaji kana kwamba ni shemeji yako. "Muulize fedha ni za nani! Muulize, mbona wamchekea?" Mpaka leo mkubwa fulani akisema hakuna fedha za matibabu, mimi napunguza sauti. Nakupa nafasi useme. Halafu nasikia kimya, nainuka, nazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fedha za mabomu hazijakosekana hata siku moja, Mwanaidi, hata serikali ikifunga milango kwa kukosa bajeti. Nabadilisha stesheni, nakuta watu wanne wanabishana nani kamtukana nani. Mama anapiga kelele kutoka jikoni, "Lizime au ulisikilize, wanitia kizunguzungu!"

Sasa sikia. Halmashauri ya mji wetu ilileta bajeti. Gari jeupe litaondolewa, hakuna fedha. Katika bajeti hiyohiyo, polisi watanunuliwa gari la deraya, la kivita kabisa. Vita na nani? Mtaa wetu huu kelele kubwa kuliko zote ni mashine za kupulizia majani, na wahalifu tulio nao ni mbweha wanaopekua mapipa ya taka.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia: acha kufoka na televisheni, nenda ukumbini, kila mwananchi hupewa dakika tatu. Wewe wa kwenu walikuzoea, unaingia na koti lako la udereva wa basi la shule, unasema lako, unatoka. Mimi hata siku tulipokula kiapo cha uraia, wewe ulilia, mimi nilikuwa natafuta choo. Lakini nilikwenda. Nilivaa kitenge, nikasuka nywele. Hotuba niliikariri.

Ila umesahau mtu uliyekuwa ukimtuma ni nani. Mimi nimelelewa kwenye harambee. Kwetu mtu hashiki kipaza sauti akaanza kusema kana kwamba amekuta ukumbi mtupu. Basi nikamtambua mheshimiwa meya. Nikawatambua wajumbe, mmoja mmoja, nikisoma vibao vya majina mbele yao. Nikamtambua mchungaji aliyefungua kwa sala, askari wa mlangoni, wazee, na kina mama. Nikawaletea salamu za Bi Zuhura, mama yako, ambaye angependa kuwapo. Nikasema itifaki imezingatiwa, kwa Kiingereza changu cha Jumapili. Nikavuta pumzi. "Nina mambo mawili tu," nikasema, na kengele ikalia.

Meya akatabasamu. Akasema hawajawahi kusalimiwa vizuri namna ile. Na watu wakapiga makofi, Mwanaidi! Makofi! Nilirudi kwenye kiti nikiwa nimesahau hata jina langu, na nikakusikia waziwazi: "Nyambura weye, wabisha hodi mpaka mwenye nyumba ahame!"

Baada yangu walikuja watu wa sanamu la ng'ombe wa pembe ndefu, lililoko kwenye mzunguko wa barabara hapa mjini. Nusu wanataka avikwe kofia ya Krismasi, nusu wanasema ni kumdhalilisha. Walitukanana mpaka jasho likawatoka. Gari la mama yako hakuna aliyelitaja.

Kesho yake jioni tukakaa mbele ya televisheni, Mama amejifunga kanga nzuri kabisa, anangoja kuniona. Wakaonyesha ng'ombe. Wakaonyesha wanaume wawili wakinyoosheana vidole. Wakaonyesha ng'ombe tena.

"Wewe ulikuwa wapi hapo?"

"Nyuma ya pembe, Mama."

Akacheka. Halafu akaniuliza taratibu, "Na gari langu?"

Mwanaidi, mwanamke huyu amekuzika wewe, na bado anaamka, anajitanda, anakaa dirishani kungoja gari hilo limpeleke akaishi siku chache zaidi. Na mimi nilikwenda kumtetea kwa hamjambo.

"Ulisema nini huko?"

"Nilisalimu, Mama."

"Wote?"

"Wote. Na zako niliwapa."

Akaikunja kanga yake gotini, akaikunjua. "Basi vyema. Ushawasalimu. Mara nyengine ingia tu."

Kura ya bajeti ni Jumanne ijayo. Ndiyo maana nafanya mazoezi. Kazini niliingia chumbani kwa daktari nikasema shida bila hata habari ya asubuhi, akaruka akidhani kuna mtu amekata roho. Mchungaji wangu ameniuliza kama tumekosana. Mama amesema tunakwenda pamoja, na hataki gari langu. Ameshamwomba dereva. Neno langu la kwanza litakuwa hili: "Huyu ni Bi Zuhura, na gari mnalotaka kuliondoa ndilo lililomleta hapa." Hakuna mheshimiwa, hakuna itifaki. Nimelirudia bafuni mpaka sabuni imeisha.

Sijui kama tutashinda. Wajumbe wale wana nyuso za watu walioamua zamani. Lakini nakuahidi kwamba kengele haitalia kabla hawajamtazama mama yako usoni. Na wakilifuta gari, nitarudi mkutano unaofuata, na ule mwingine, mpaka wanizoee kama walivyokuzoea wewe.

Sasa, kwa kuwa huku hakuna anayenihesabia dakika: hujambo, Mwanaidi? Umeshindaje? Watu wa huko wakoje? Wanakuacha useme? Mama anakusalimu, kila baada ya swala anakutaja. Dereva anakusalimu, ingawa hamkujuana. Binti yangu anakusalimu kwa Kiingereza, mvumilie. Simu yako inakusalimu, imelia hata sasa hivi. Nami nakusalimu, mimi wa bara, nisiyejua kuingia wala kutoka.

Mwenye nyumba amehama, na bado nabisha. Hodi, shoga yangu. Hodi.

Nyambura